Sahani Yenye Mapezi

Ofisi yetu ilipohamia Dodoma, wenzangu walisafirisha friji, makochi na vitanda. Na mimi nilipakia vitu hivyo kwenye lori kama wengine, halafu nikaweka santuri zangu kwenye gari letu dogo na kukaa nazo kiti cha nyuma kutoka Dar es Salaam mpaka huku. Nazungumzia zile ndogo, za wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, ambazo wazee huziita sahani. Nilikuwa nimezisimamisha kwenye makreti ya soda na kuchomeka khanga katikati ili zisigongane. Mume wangu aliendesha. Kila tulipopita kwenye tuta niliguna, na kila nilipoguna aliuliza, bila kugeuka, kama aliyeumia ni mimi au ni mpiga gitaa.

Yeye ni Mgogo, mzaliwa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, kwa hiyo kwake ile ilikuwa safari ya kurudi nyumbani. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Tulikuwa na miaka mingi kwenye ndoa tayari, lakini wakwe nilikuwa nawaona wakati wa likizo na kwenye misiba tu. Sasa tukapanga nyumba Nkuhungu, na kwa wakwe pakawa mwendo mfupi wa bodaboda, umbali ambao mama mkwe anaweza kukutumia mlenda ukafika ungali wa moto.

Ugonjwa wangu, kama mume wangu anavyouita, ni huu: hainitoshi sahani kuwa na wimbo ninaoupenda. Lazima iwe ile iliyotoka kiwandani wimbo ulipotoka mara ya kwanza, siyo ile iliyofyatuliwa upya miaka ya baadaye, wimbo ulipokwisha kupendwa na watu. Wimbo ni ule ule, waimbaji ni wale wale, na mtu mwenye akili zake ukimpa zote mbili atakwambia ameshika sahani mbili nyeusi. Mimi naona ndugu wawili, na mdogo amevaa koti la kaka yake.

Kuzitofautisha kunataka macho, vidole na ubishi mwingi. Viwanda vilibadilisha rangi za lebo mara kwa mara, kwa hiyo unaanza na rangi. Kisha unapima unene, maana za zamani zilikuwa nene na nzito mkononi. Kisha unaangalia pale palipo laini karibu na lebo, ambapo sindano humalizia safari yake. Pana namba pale. Kwenye toleo la kwanza, fundi aliikwaruza kwa mkono, na ukiitazama kwa lenzi unaweza kujua kama siku hiyo alikuwa na haraka. Kwenye matoleo ya baadaye namba imegongwa kwa mashine, imenyooka kama ya gari la serikali.

Hata hivyo nadanganywa. Jumamosi moja, mnadani Msalato, kati ya muuza majembe na muuza mitumba, nilikuta sahani inang'aa kama imetoka dukani jana, na lebo yake ina rangi inayotakiwa. Niliinunua bila kubishania bei, jambo lililomtia muuzaji wasiwasi hadi akaniuliza kama nina uhakika. Nyumbani nikaiweka kwenye mashine, ikaanza kukwaruza kama mtu anamwaga maharage kwenye sinia. Nikaifuta, nikabadilisha sindano, nikaifuta tena. Maharage yaliendelea. Mwishowe nikaelewa: mikwaruzo ile haikuwa juu ya sahani, ilikuwa ndani ya wimbo. Waliofyatua upya hawakuwa na mkanda wa studio. Walichukua sahani kuukuu ya mtu, wakaipiga, wakanakili kila kitu pamoja na kelele zake. Nilikuwa nimenunua sahani mpya yenye uzee wa mtu mwingine. Mume wangu alifurahi sana siku ile. Aliomba niirudie.

Nadhani ni yeye aliyepeleka habari zangu Kikuyu. Tulipokwenda kuwasalimia wazazi baada ya kutulia, baba mkwe alikuwa ananisubiri barazani. Ni mzee mrefu, mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo akikuita utadhani anatangaza kituo kinachofuata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia wewe ni daktari wa sahani."

"Hapana baba, napenda tu."

"Unapenda tu, huku una lenzi kwenye mkoba?"

Nilikuwa nayo kweli. Mume wangu akaanza kukagua maua ya mama yake.

Baba mkwe akanieleza shida yake. Alikuwa na sahani moja tu katika nyumba ile, ya wimbo wa dansi ambao kijana anamlalamikia msichana aliyemwahidi kuja ukumbini, halafu akamwacha amesimama mlangoni na tiketi mbili. Alisema ni toleo la kwanza kabisa, na kwamba imekuwa naye tangu hajaoa. Lakini alikuwapo mzee mwenzake mmoja, fundi cherehani wa mjini, Mnyamwezi ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka Tabora wakapumzika Dodoma na hawajamaliza kupumzika. Huyo naye alikuwa na sahani ya wimbo huo huo, na alikuwa akimtangazia kila anayekuja kupimwa suruali kwamba ya kwanza ni yake, na ya baba ni ya kurudiwa.

Kwa asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Maana yake ni kwamba wanaruhusiwa kusemana, kunyang'anyana na kuzikana, na hakuna mwenye haki ya kununa.

"Jumapili ijayo nitamwita aje na yake," baba akasema. "Wewe utaamua. Uamuzi wako ndio wa mwisho."

Njiani nikamuuliza mume wangu kama anajua chochote kuhusu sahani hizo. Alikuwa anaitazama barabara kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao.

"Mbona husemi kitu?"

"Mimi sina lenzi," akasema.

Wiki nzima sikuwa na raha. Kazini nilikuwa nimewahi kumwambia mkurugenzi wangu kwamba taarifa yake ina makosa ukurasa wa kwanza, na nililala usingizi. Lakini baba mkwe ni kitu kingine. Kama sahani yake ni ya kurudiwa, nitamwambiaje mbele ya mtani wake, nyumbani kwake, nikiwa nimeshiba kuku wake? Nikaanza kuomba kimya kimya kwamba mzee awe na haki. Mkusanyaji anayeomba matokeo kabla ya kuona lebo ameshapotea, lakini ndivyo nilivyofika Kikuyu Jumapili ile.

Tulikula ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji. Tulikuwa tunanawa mikono sauti ilipotoka getini.

"Hodi hapa kwa watu waliozama!"

"Karibu, mpagazi," baba akajibu bila kuinuka. "Tua mzigo."

Mtani akaingia, mzee mfupi, kanzu imepigwa pasi mpaka inaonekana inaweza kusimama yenyewe, na kwapani kabana bahasha ya kaki. Alisema ameshakula kwake, kisha akala. Nilipomwamkia aliitikia vizuri, akanigeukia kama mtu anayemfundisha mtalii.

"Binti, unajua mji huu umepataje jina? Tembo alikuja kunywa maji, akazama. Sasa watu wanaozamisha tembo, utawaamini kwenye habari ya sahani?"

"Tembo alikunywa akazama," baba akasema. "Babu yako alikunywa akasahau kuondoka."

Mama mkwe alipita kuondoa vyombo kama hasikii. Alitandika kitambaa chake cha kufuma juu ya meza, na wazee wakaweka sahani zao, kila mmoja upande wake.

Sikuhitaji lenzi. Nilijua papo hapo, nikajifanya sijajua.

Ya baba ilikuwa na lebo ya manjano, safi, imetunzwa kwenye mfuko wa nailoni. Ya mtani ilikuwa na lebo ya bluu iliyopauka, ukingo umemeguka kidogo, na bahasha yake ya kaki ilikuwa na doa kubwa la mafuta. Na juu ya lebo ile, kwenye jina la wimbo, mahali palipotakiwa kuandikwa "mapenzi", paliandikwa "mapezi". Mpiga chapa aliisahau herufi moja, na kijana wa watu anayelia na tiketi mbili mkononi akageuka kuwa mwimbaji wa habari za samaki. Walipofyatua upya walisahihisha. Kwa hiyo yenye kosa ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimeisikia kwenye kundi letu la wakusanyaji kwenye simu, ambako watu huizungumzia kama wanavyomzungumzia chui: hakuna aliyemwona, lakini kila mtu anamjua aliyemwona. Na sasa ilikuwa mbele yangu, juu ya kitambaa cha mama mkwe, imelala karibu na bakuli la chumvi.

"Tazama mwenyewe," baba akasema, akigonga meza kando ya bahasha ya kaki. "Yake ina makosa ya kuandika. Kiwanda kikubwa kile, kitoe kitu chake cha kwanza kikiwa na makosa? Hii ilichapwa uchochoroni."

Ilikuwa hoja nzuri sana. Kila mtu mwaminifu angeikubali.

Nikaomba kwenda dirishani kwenye mwanga. Nikaomba kitambaa chenye unyevu. Nikaomba mizani ya jikoni, mama mkwe akaileta ikiwa bado na unga, nikaifuta taratibu kuliko mizani yoyote ilivyowahi kufutwa. Nikapima sahani ya kwanza, nikapima ya pili, nikarudia ya kwanza. Nikauliza kama chai ipo.

"Mke wangu hapendi kufanya kazi kwa haraka," mume wangu akawaeleza wazee.

Mwishowe sikuwa na kitu kingine cha kuomba.

"Zote mbili ni za kweli, baba," nikasema. "Zimetoka kiwanda kimoja."

"Hatukuuliza kama ni za kweli," mtani akasema. "Tumeuliza ipi ilizaliwa kwanza."

"Hilo linategemea tunahesabuje."

"Tunahesabu kuanzia mwanzo."

Baba mkwe akanitazama. Hakuwa anatabasamu hata kidogo.

"Sema tu, mkwe wangu. Mimi nimefanya kazi reli. Nimewaambia watu treni haiji, na nimeambiwa haiji. Sema."

Nikaitazama sakafu.

"Ya baba ni changa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ni mdogo mtu, baba. Hii ya bluu ndiyo kaka."

Nakumbuka mlio wa friji, na kuku aliyekuwa anaparua mchanga nje ya dirisha. Nilikuwa nimeanza kupanga nitakavyojieleza mbele ya kikao cha ukoo nilipoona mabega ya baba yanatikisika. Nikadhani analia. Kisha sauti ikamtoka, kicheko cha kutoka tumboni, na mtani akaanza kupiga mkono wa kochi, na mume wangu, baba wa watoto wangu, akafunika uso kwa kitambaa cha kufutia mikono.

"Nilikwambia atazunguka kwanza!" mtani akasema. "Nilisema atazunguka kama mbunge!"

"Mimi nilisema atanidanganya kabisa," baba akasema huku anafuta machozi. "Mkwe wangu, umejaribu. Nimeona. Ahsante kwa kujaribu."

Walijua. Walikuwa wanajua tangu mwanzo, wote watatu. Mume wangu amekua akiisikia hadithi ile tangu yuko shule ya msingi, na alikuwa amekaa kando yangu wiki nzima akinitazama nakosa usingizi. Nilimwambia nitamshughulikia nyumbani. Akasema anajua.

Hadithi yenyewe wakanisimulia kwa kupokezana, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Siku ya harusi ya baba, mtani alikwenda kulala kizingitini pa nyumba ya bwana harusi, kama ilivyo haki yake, akakataa kuondoka mpaka apewe kitu. Baba akamwambia aruke kama mbuzi wa maonyesho ndipo atapewa. Mtani hakuruka. Aliinuka, akaingia ndani, akaichukua sahani iliyokuwa kwenye gramafoni, akaiweka kifuani ndani ya kanzu na kwenda zake. Kwa mtani huwezi kudai. Ukidai, umenuna, ukinuna, umeshindwa. Basi baba akanyamaza, akaanza kutafuta nyingine kila stesheni aliyopangiwa, mpaka akaipata. Hapo wimbo ulikwisha kurudiwa, na zilizokuwa madukani ni zile za lebo ya manjano. Akarudi nayo na kumwambia mke wake kwamba mtani ameona aibu na kuirudisha.

"Na mama akaamini?" nikauliza.

"Akaamini," baba akasema. "Mpaka leo. Ongea polepole."

"Wamekwambia nani aliyeinunua?"

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa karanga, na sijui alisimama pale kwa muda gani. Ni mwanamke mdogo wa umbo, asemaye maneno machache, na wale wazee wawili wakakaa sawasawa kama watoto walioingiliwa na mwalimu.

Akaketi, akaanza kubangua karanga, akanisimulia mimi. Wao hakuwatazama. Alisema alipokuwa msichana alikuwa anauza karanga za kukaanga stesheni. Wimbo ule ulikuwa unapigwa kwenye duka moja mkabala, na alikuwa akiupenda kiasi kwamba siku moja aliingia akainunua sahani. Gramafoni hakuwa nayo. Hakuna mtu kwao aliyekuwa nayo. Alinunua sahani akawa anatembea nayo kwenye kapu la karanga, na akisikia nyumba fulani wana mashine, anakwenda kubisha hodi na kuomba wampigie wimbo wake. Lile doa la mafuta kwenye bahasha lilitoka kapuni.

"Na lile neno?" nikauliza.

"Nililiona siku ile ile. Muuza duka nilimwambia, hii ni ya samaki. Akasema nikitaka samaki niende pwani."

Kisha ukaja uvumi kwamba kijana mmoja wa reli, wa upande wa vifurushi, amenunua gramafoni. Akaenda. Kijana akaupiga wimbo, akasema umependeza, akaomba abaki na sahani mpaka kesho yake ili aisikilize vizuri.

"Nikarudi kesho yake kuichukua," mama mkwe akasema. "Akasema bado hajaisikiliza vizuri. Nikarudi tena. Nilikwenda kuchukua sahani yangu, na sijarudi mpaka leo."

Baba alikuwa anachunguza kucha zake. Mtani akakohoa.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema taratibu, "niliyemwibia ni wewe."

"Ndiyo. Lakini na mimi ni Mgogo. Hakuna kesi."

"Na hii?" Baba akagusa sahani yake ya manjano kwa ncha ya kidole. "Nilipokuletea hii?"

Mama mkwe akapuliza maganda kwenye ungo.

"Nilitafuta mapezi yangu," akasema, "nikakuta mapenzi tu."

"Ukajua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Ulirudi nayo umeifunga ndani ya shati lako la kazi ili isivunjike. Ulikuwa umetoka safari, una vumbi mpaka kwenye nyusi. Ningesema nini?"

Baba mkwe wangu hana shida ya maneno. Amebishana na wakaguzi, na abiria, na mchungaji. Siku ile alinyoosha mkono, akachukua karanga chache kwenye ungo wa mkewe, akaanza kumsaidia kubangua. Alibangua vibaya. Mama hakumkosoa.

Nilikuwa nimekuja na mashine yangu ndogo ya kubeba, kwa ajili ya ushahidi. Mama akasema tuzipige zote mbili. Nikaanza na ya bluu. Ilichemka kama karanga zenyewe ziko kikaangoni, na mwimbaji alitokea mbali, kama anaogea nyumba ya jirani. Mimi nilifumba macho. Nilisikia kila kitu nilichotaka kusikia: mkono wa fundi, kiwanda, siku ile ya kwanza. Nilipofumbua, mume wangu alikuwa ananitazama kama watu wanavyomtazama mgeni anayelia kwenye msiba asioujua.

Kisha nikaweka ya manjano. Hii waliifyatua kutoka kwenye mkanda wenyewe wa studio, na haikuchezwa sana. Gitaa likajaa sebule. Yule kijana akasimama pale pale katikati yetu na tiketi zake.

"Hii," mama mkwe akasema.

"Lakini mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kubembeleza, "ile ndiyo yako. Ndiyo ya kwanza kabisa. Watu wanaitafuta."

"Najua ni yangu. Zile kelele nimezitia mwenyewe kwa kuizungusha kwenye nyumba za watu. Nimeshazisikia. Hii inaimba." Akaniambia niirudishe sindano mwanzo.

Hivyo ndivyo kesi ilivyokwisha. Mtani akairudisha ya bluu kwenye bahasha, bahasha kwapani, akaaga. Nilimsindikiza mpaka getini, kwa heshima, na kwa sababu nilikuwa siwezi kuiondolea macho ile bahasha.

"Mzee," nikasema, "siku ukiichoka..."

"Siichoki."

"Hata kuiazima tu, niipige picha."

"Umesikia vitu vinavyoazimwa mtaa huu vinakoishia." Akasimama, akanitazama kwa jicho moja. "Hivi kwenu ni wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo. Na Wazaramo na Wanyamwezi tuna nini?"

"Utani, mzee."

"Basi. Sahani unajua ilivyotoka humu. Na kwangu itatoka hivyo hivyo."

Nililichukua neno lile kwa uzito wote, kama mtu aliyepewa kibali cha maandishi. Nafasi ikaja mjukuu wake alipoolewa. Tulialikwa, na nyumba yake ya mjini ilikuwa imejaa mpaka barabarani: turubai, masufuria ya pilau, wanawake wa sare tatu tofauti. Nilikula, nikapongeza, nikapiga vigelegele kuzidi watu wa familia. Kisha nikajipenyeza kwenye chumba chake cha kushonea. Kilikuwa na cherehani, vitambaa, rafu. Na juu ya rafu, imeegemea ukuta, bahasha ya kaki yenye doa la mafuta. Niliusikia uzito wake, nene vizuri. Nikaiingiza chini ya khanga na kutoka nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

Mlangoni nikakutana na mke wa mtani.

"Unaondoka mapema hivi, mwanangu?"

"Kichwa, mama."

"Pole. Ngoja nikufungie pilau." Akanifungia, akanisindikiza mwenyewe mpaka garini, na akamwambia mume wangu aendeshe polepole. Nilisikia haya kidogo, lakini siyo haya ya kunirudisha ndani.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nilizima feni ili vumbi lisiruke, nikatandika khanga safi mezani, nikaitoa sahani kwenye bahasha. Lebo ilikuwa ya kijani. Nikasoma. Ilikuwa ni mafunzo ya ufugaji bora wa kuku, sehemu ya pili.

Simu ikalia kabla sijakaa.

"Imeimba?" mtani akauliza. Nyuma yake nilisikia harusi nzima inacheka, na juu ya wote mke wake.

"Mzee, hii ni ya kuku."

"Sawa, lakini ni ya kwanza au ya kurudiwa?"

Nitakiri kwamba niliangalia. Nilichukua lenzi na kuangalia, huku mume wangu amelala chali kwenye kochi anapigania pumzi. Namba ilikuwa imekwaruzwa kwa mkono, na fundi hakuwa na haraka. Sahani ilikuwa nene, lebo haikuwa na kosa hata moja. Na katika zote nilizo nazo, hiyo ndiyo pekee ambayo sina shaka nayo kabisa: haikurudiwa kamwe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiomba.

"Ya kwanza, mzee," nikamwambia.

"Hongera," akasema, akakata simu.

Jumapili iliyofuata niliipeleka Kikuyu ili tucheke. Mama mkwe hakucheka. Aliisikiliza upande wote wa kwanza, akaniambia nigeuze, akasikiliza na wa pili, mkono shavuni, huku kuku wake wanapita mlangoni. Sauti ile ya bwana wa zamani ilieleza habari za ugonjwa wa kideri, za banda na za maji safi.

"Huyu bwana anajua kuku," mama akasema ilipokwisha. Akataka kujua sehemu ya kwanza iko wapi.

Sasa kila Jumamosi niko Msalato, kati ya majembe na mitumba, nachambua rundo la sahani zenye vumbi. Wauzaji wameshanizoea. Wananiletea nyimbo za dansi, za zamani kweli, za lebo zenye rangi inayotakiwa, nami nawauliza kwanza kama hawana ya kuku.